Sanamu za Theluji na Deni la Mhakiki

Katika mwezi wa Januari mwaka 1494 theluji nyingi ilianguka juu ya mji wa Florence, Italia. Piero de' Medici, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amerithi utawala wa mji huo kwa baba yake Lorenzo, alimtaka kijana mmoja wa miaka 18 amfanyie sanamu ya theluji katika ua wa jumba lake. Kijana huyo alikuwa Michelangelo. Sanamu ilifanywa, watu wakaitazama, hewa ikapata joto, ikayeyuka. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji na wachongaji wa Italia katika karne ya 16, aliikumbuka kazi hiyo kwa maneno mawili matatu: ilikuwa nzuri sana. Hakusema ilikuwa sanamu ya nani. Hakusema ilisimama au iliketi, ilielekea wapi, wala kimo chake kilikuwa kiasi gani.

Wengi waliosoma habari hii wameiona kuwa ni kisa cha ujinga wa tajiri. Piero, husemwa, hakuijua thamani ya mkono aliokuwa nao nyumbani mwake. Aliutumia kwa mchezo, kama mtu amwitaye fundi wa majahazi kisha akamwamuru achonge mashua ya kifuu. Naye Piero alifukuzwa Florence mwezi wa Novemba mwaka ule ule, na jambo hilo limezidi kuwapa watu ruhusa ya kumcheka. Lakini chini ya kicheko hicho imelala hoja ambayo haijachunguzwa vya kutosha: kwamba kazi isiyodumu haistahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi za sanaa, na kwamba kitu cha kuyeyuka humvunjia heshima fundi akishikaye.

Hoja hiyo huanguka papo hapo Florence. Karibu na wakati ule ule Michelangelo alinunua jiwe la marumaru akachonga sanamu ya Hercules, shujaa wa hadithi za Wayunani, kubwa kupita kimo cha mtu. Hiyo haikuwa kazi ya mchezo, wala hakuagizwa na kijana mpumbavu. Ilipelekwa Ufaransa, ikakaa muda mrefu katika bustani ya jumba la wafalme la Fontainebleau, na katika karne ya 18 ikapotea. Basi sanamu mbili za ujana wa mtu mmoja, ya jiwe na ya theluji, leo zina hali moja. Moja iliishi zaidi ya miaka 200 na nyingine labda siku chache, na hapana jicho litakalozitazama tena. Tofauti yao ni ya muda, na muda ni kipimo cha mwenye kuweka mali ghalani. Mhakiki ana vipimo vingine.

Yafaa Vasari atendewe haki. Alizaliwa mwaka 1511, miaka 17 baada ya theluji ile kuyeyuka, akaandika alichosimuliwa. Lawama ni ya wale waliosimama uani wakaangalia. Kazi isiyodumu humdai mtazamaji kitu ambacho kazi ya jiwe haimdai. Mbele ya jiwe mtu aweza kuahirisha. Akikosea leo, kesho atakuja mwingine amsahihishe, na jiwe lenyewe litakuwapo kuwa shahidi baina yao. Mbele ya theluji mtazamaji ndiye shahidi wa pekee, na asiposema alichokiona, hakuna atakayekisema. Mwanafunzi wa mwambao hahitaji kusafiri hata Italia ili alielewe jambo hili. Hina na piko za bibi arusi huchorwa kwa saa nyingi na fundi mwenye jina mtaani kwake, kisha baada ya siku chache hufifia. Na waalikwa wakiulizwa juu ya michoro ile, jibu lao aghalabu ni lile la Florence: ilikuwa mizuri sana.

Kwamba watu wa nchi za baridi wamefinyanga theluji tangu zamani halina shaka. Miongoni mwa picha za kale kabisa za mtu wa theluji zijulikanazo ni moja iliyochorwa pembezoni mwa ukurasa wa kitabu cha sala cha mwaka 1380 hivi, kilichohifadhiwa The Hague, Uholanzi, na mchoraji amemweka mtu huyo karibu na moto. Mzaha huo wapasa kutazamwa mara mbili. Yaonyesha kwamba tangu hapo mwanzo watu hawakuudhika na kuyeyuka. Waliona kuwa ndiyo maana yenyewe ya kitu kile, wakakichezea.

Mchezo huo ulikua ukawa jambo kubwa huko Brussels katika mwaka ule ule wa 1511. Baridi kali ilishika mwanzoni mwa mwaka ikakaa majuma mengi, na wakazi wa mji wakajaza njia na viwanja kwa sanamu za theluji zaidi ya 100. Palikuwa na sanamu za habari za dini na za miungu ya kale, na palikuwa na nyingine za kuwasuta wakubwa na za matusi ya wazi, kwa kuwa theluji ni ya kila mtu na mwenye kuitumia hana haja ya kuomba jiwe kwa bwana. Jan Smeken, mshairi wa mji, alitunga shairi refu akizitaja sanamu hizo moja baada ya moja. Wako wanaolidharau shairi hilo kwa kuwa ni kama daftari la mwenye duka. Dharau hiyo si ya haki. Kama Florence ingalikuwa na mwenye daftari mmoja tu siku ile ya Januari, ulimwengu ungalijua leo Michelangelo alifanya nini kwa theluji. Sanamu za Brussels zilipoyeyuka zilibaki zikitajika kwa majina, kwa mahali pake na kwa utani wake, kwa sababu mtu mmoja alitembea mjini akiwa na macho na kalamu.

Lakini kutaja si kuhakiki. Ili kazi ihukumiwe, kwanza lazima kitu kilichoifanya kijulikane. Kiswahili kina maneno mawili, theluji na barafu, na asili yake yachekesha kidogo. La kwanza limetoka katika Kiarabu na la pili katika Kiajemi, na huko yalikotoka yote mawili ni majina ya kitu kile kile cheupe kiangukacho kutoka mawinguni. Watu wa pwani, ambao hawakuona hata kimoja mlangoni mwao, waliyapokea yote mawili kisha wakagawanya kazi: theluji aghalabu ni ile nyeupe ya kilele cha Kilimanjaro, na barafu ni maji yaliyoganda yakawa kama kioo. Mgawanyo huo, uliofanywa na watu wasio na baridi, ndio hasa ahitajiao mhakiki wa sanaa za baridi. Barafu hupitisha nuru, na uzuri wake ni wa taa. Kwa hiyo huko Harbin, kaskazini mashariki ya Uchina, ambako maonyesho ya taa za barafu yalianza mwaka 1963 na sikukuu ya kila mwaka mwaka 1985, majumba ya barafu hungoja usiku ndipo yawe na maisha. Theluji hainywi taa namna hiyo. Hoja zake ni za jua na kivuli.

Theluji mpya iliyoanguka pasipo upepo ina hewa nyingi kuliko maji. Mita moja ya ujazo yaweza kuwa na uzito wa kilo 100 au pungufu, hali barafu kamili ya kiasi hicho ina uzito wa kilo 917. Haichongeki, ikiguswa humwagika. Basi kazi huanza kwa kushindilia. Theluji hutiwa ndani ya kisanduku kikubwa cha mbao, hukanyagwa kwa miguu tabaka juu ya tabaka, kisha huachwa ipumzike. Huko kupumzika ndiko kuna siri. Punje zilizogusana huungana zenyewe polepole, hata katika baridi isiyoruhusu tone moja kuyeyuka, na baada ya saa kadhaa bonge lote hushikamana kiasi cha kukatwa kwa msumeno. Mbao huondolewa, na wachongaji huingia kwa misumeno, masepeto, patasi na tupa. Kiungo kikivunjika hurudishwa kwa theluji iliyolowekwa maji, ambayo hushika kama udongo na baadaye huganda. Kazi nyororo hufanywa usiku, kwa sababu mchana jua hulainisha makali yaliyokatwa asubuhi.

Huko Breckenridge, katika jimbo la Colorado, Marekani, ambako wachongaji wa mataifa hushindana, makundi yamekuwa yakipewa mabonge ya tani 20 au zaidi, na kukatazwa mashine pamoja na mihimili ya ndani. Sharti hilo la mwisho lapendeza, kwa maana lamlazimisha fundi kuisikiliza theluji yenyewe: mkono ulionyoshwa mno utakatika, shingo nyembamba itainama, na kile kitakachosimama ni kile kilichojua uzito wake. Kenya nayo imepata kuwakilishwa na wachongaji katika mashindano ya namna hii ng'ambo. Hilo halimshangazi mtu ajuaye uchongaji ulivyo. Mwenye kuchonga mpingo na mwenye kuchonga theluji wote wawili huondoa, hawaongezi, na wote wawili hutafuta sura iliyokwisha kuwamo. Wanatofautiana katika ugumu wa kitu na katika hofu: mmoja huogopa ufa, mwingine huogopa adhuhuri.

Weupe nao una hila. Nuru iangukapo juu ya theluji haikomei usoni. Huingia ndani kidogo, hutawanyika, hurudi nje. Kwa sababu hiyo mikunjo midogo, ambayo juu ya marumaru ingeonekana wazi, juu ya theluji hupotea kama maandishi ya chaki juu ya ukuta wa chokaa. Mwenye kujua hukata ndani sana ili apate kivuli, na huacha sehemu kubwa zikiwa tupu. Mara siku ikiwa ya mawingu hata kivuli hicho hutoweka, na sanamu nzima huwa kama imefumba macho. Hapa mhakiki anapata kipimo chake cha kwanza: je, mchongaji amechonga theluji, au amechonga jiwe ambalo hakuwa nalo?

Kwa kipimo hicho hakuna kazi ya theluji iliyosimuliwa ambayo yashinda ile ya Paris ya mwaka 1870. Majeshi ya Wajerumani yalikuwa yameuzingira mji tangu mwezi wa Septemba. Chakula kilipungua, kuni zikapungua, na mwezi wa Desemba baridi ikashuka kwa ukali. Juu ya kuta za ngome walikaa zamu Walinzi wa Taifa, raia waliovaa sare, na ilitokea kwamba kikosi cha 7 cha batalioni ya 19, kilicholinda ngome ya 84, kilikuwa na wachoraji na wachongaji wengi ndani yake. Miongoni mwao alikuwa Alexandre Falguière, mchongaji aliyekwisha kupata jina. Theluji ilipoanguka, wenzake wakaikusanya kwa mirundo, naye akafanya kwa saa chache tu sanamu ya mwanamke mkubwa kupita kiasi cha mtu. Alikuwa uchi, ameketi mwambani, mikono ameikunja kifuani, mzinga uko pamoja naye, uso ameuelekeza nje ya mji kwa adui. Wakamwita Ukinzani. Mwenzake mmoja, Hippolyte Moulin, alifanya karibu na hapo kichwa kikubwa cha Jamhuri.

Habari hii isingefika mbali kama Théophile Gautier asingepanda ngomeni kuitazama. Gautier alikuwa mshairi, lakini mkate wake aliupata kwa kuhakiki maonyesho ya sanaa magazetini, na alikuwa amefanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya 30. Aliandika juu ya sanamu ile katika makala aliyoipa jina lenye maana ya jumba la makumbusho la theluji, iliyoingia baadaye katika kitabu chake cha habari za kuzingirwa kwa Paris, kilichotoka mwaka 1871. Jambo la kustahiwa ni kwamba hakubadili sauti yake. Hakuandika kama mtu aliyeona mchezo wa askari, wala hakuomba radhi kwa wasomaji wake. Aliitazama theluji kwa jicho lile lile alilozoea kuitazamia marumaru, akasema mikono imekaaje, kichwa kimeelekea vipi, nguvu ya mwili iko wapi. Kwa mara moja kazi ya theluji ilipata shahidi aliyejua anachokitazama.

Na kwa sababu ya ushahidi wake yawezekana kuisema kazi ile neno, ingawa imeyeyuka siku nyingi. Mikono iliyokunjwa ilikuwa shauri la fundi mwenye akili. Mkono wa theluji uliojinyosha na upanga ungevunjika kabla ya saa ya zamu kwisha. Mikono iliyofungwa juu ya kifua hurudi mwilini, hubebwa na mwili, na pale inapokutana na kiwiliwili huacha kivuli kirefu ambacho theluji yakihitaji sana. Hivyo umbo lililotakiwa na maana, yaani mtu aliyeazimu kutosogea, lilikuwa ndilo umbo lililotakiwa na theluji. Mambo mawili hayo hukutana kwa nadra katika sanaa yoyote. Tena palikuwa na jambo la tatu, ambalo Gautier na wenzake waliliona kwa huzuni tu. Mwanamke yule alikuwa amefanywa kwa baridi ile ile iliyokuwa ikiwaua watu wa Paris vitandani mwao. Kilichomdumisha ndicho kilichowamaliza. Angetakiwa kuishi zaidi, ingetakiwa baridi izidi.

Ndiyo maana wale waliotaka ahamishwe katika kitu cha kudumu hawakufikiri sana. Félix Bracquemond alimchora, na kuchora ni namna ya kushuhudia, haina lawama. Lakini Falguière mwenyewe alirudia baadaye kumfinyanga, na sanamu ndogo ya shaba yake ipo katika jumba la makumbusho la Los Angeles, Marekani. Mikono ipo, mzinga upo, ustadi upo. Lakini shaba haina haja ya kukunja mikono. Shaba yaweza kunyosha mkono na upanga pamoja na bendera, na usivunjike. Lililokuwa lazima limekuwa madaha. Sanamu ya theluji ilisema kwamba mji huu utakaa hapa maadamu waweza, nao ulikaa hata mwisho wa Januari 1871, ukasalimu amri. Sanamu ya shaba haisemi maadamu. Yasema daima, na historia haikusema hivyo.

Hapo itaonekana kana kwamba haki yote iko upande wa kazi ndogo za mikono michache, zilizofanywa kwa dharura. Sapporo, mji mkubwa wa kisiwa cha Hokkaido, Japani, wahitaji kusikilizwa kabla hukumu haijatiwa muhuri. Mwaka 1950, nchi ikiwa bado na majeraha ya vita, wanafunzi wa shule za mji huo walifanya sanamu sita za theluji katika bustani ya Odori, mahali ambapo theluji iliyozolewa njiani ilikuwa ikitupwa. Watu wapata 50,000 walikuja kutazama. Mwaka 1955 askari wa kambi ya karibu waliingia kazini na kujenga sanamu ya kwanza iliyokuwa kubwa kweli. Mwaka 1972 michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika hapo na kuitangaza sikukuu hiyo ulimwenguni. Na mwaka 1974 mashindano ya mataifa yakaanzishwa. Mwaka 2019 wageni walihesabiwa kupita milioni 2. Theluji haiokotwi tena ilipoanguka. Huletwa kwa malori kutoka nje ya mji, hupandishwa kwa mitambo, na baadhi ya sanamu hupita mita 15 kwenda juu.

Kazi hizo kubwa zimekuwa aghalabu mifano ya majengo: mahekalu, makanisa, malango na majumba ya wafalme ya nchi mbali mbali. Ustadi wake haukatiliki. Vigae vya paa huhesabika, nguzo hunyooka, na madirisha hukaa kwa kipimo. Lakini mbele ya nyingi kati yake kipimo cha kwanza hujibu vibaya. Theluji imeagizwa kuwa kitu kingine. Mtazamaji husifu jinsi ilivyosahau kuwa ni theluji, na sifa ya namna hiyo ni ya mwigaji wa sauti za watu, ambaye husifiwa kwa kadiri sauti yake mwenyewe isivyosikika. Kazi ndogo za raia, zipatazo nafasi katika bustani ile ile zikiwa na kimo cha mita mbili hivi, mara nyingi zina uhai zaidi: paka mnene, mzee amejikunja, samaki aliyekosa mapezi kwa sababu mapezi yalikatika. Katika hizo theluji bado ina neno.

Hata hivyo sikukuu ya Sapporo ina tendo moja ambalo lastahili kuitwa la kisanaa, ingawa wenyewe hulifanya kwa ajili ya usalama. Haziachwi sanamu kubwa ziyeyuke polepole na kuwaangukia watu. Sikukuu ikiisha, matingatinga huja na kuzibomoa, na watu husimama kutazama. Kazi ya majuma mengi hulala kwa muda mfupi. Hapo kwa ghafula jumba la kifalme lililoiga jiwe hukumbuka asili yake. Hukatika kama theluji ikatikavyo, kwa bapa kubwa na vumbi jeupe, na ndani yake huonekana weupe usio na chumba wala ngazi. Watazamaji huinua simu zao na kupiga picha. Picha hizo ni nyingi kuliko maneno yote yaliyopata kuandikwa juu ya sanamu za theluji tangu Brussels, na katika wingi huo ni vigumu kumpata Gautier mmoja. Kupiga picha kumewapa watu dhana kwamba deni limelipwa. Picha huonyesha kimo na umbo. Haisemi kwa nini mikono imekunjwa.

Na ipo kazi moja ya Sapporo ambayo huivuruga hukumu dhidi ya mifano ya majengo, nayo haifai kufichwa kwa sababu tu yavuruga. Mwezi wa Februari 2017 lilijengwa katika bustani ya Odori, kwa theluji, jumba la katikati la hekalu la Kofukuji la mji wa Nara. Mwenye haraka atasema ni mfano mwingine kama ile mingine. Lakini jumba hilo la Nara lina historia ya namna yake. Lilijengwa kwa mti katika karne ya 8, likaungua, likajengwa tena, likaungua tena, na moto wa mwisho ulikuwa mwaka 1717. Baada ya hapo watu hawakuwa na uwezo wa kulirudisha kwa kipimo chake. Walijenga dogo la muda mwaka 1819, nalo likachakaa hata likaondolewa mwaka 2000. Wakati wachongaji wa Sapporo walipokuwa wakishindilia theluji, mafundi wa Nara walikuwa bado wakilijenga upya kwa mti.

Basi hapo theluji iliiga nini? Haikuliiga jengo la kale, kwa maana hilo lilikuwa majivu kwa miaka 300. Haikuliiga jengo jipya, kwa maana hilo lilikuwa halijaisha. Paa zake mbili zilizopanda, zikiwa nyeupe tupu pasipo rangi nyekundu ya nguzo za kweli, zilisimama mahali pa kitu kilichopita na kitu kilichokuwa kikingojewa. Weupe ambao mbele ya lango la mfalme ungekuwa upungufu, hapa ulikuwa ndiyo sura ya kweli ya jambo lenyewe. Yamkini waliolichagua jengo hilo hawakuyawaza haya. Walitaka paa la kupendeza na wageni wengi. Kazi ya sanaa haimngojei fundi akusudie kila kitu.

Matingatinga yalikuja sikukuu ilipokwisha, kama kila mwaka. Jumba la mti lilifunguliwa Nara mwezi wa Oktoba 2018.